Programu ya mizani inakufa kwenye Release tu

SWALI: Habari mtaalamu. Tuna programu ya C# inayosoma mizani ya malori kupitia DLL (maktaba ya msimbo) ya zamani iliyoandikwa kwa C. DLL inataka tuipe fanksheni, nayo inaiita kila uzito mpya unapofika. Natengeneza delegeti (kitu cha C# kinachobeba fanksheni) ndani ya Main, naisajili, kisha naita Application.Run, inayoendesha programu mpaka ifungwe. Kwenye Debug, jengo la majaribio, inakesha bila shida. Kwenye Release, jengo la mteja lililoboreshwa kasi, inakufa baada ya muda, hasa malori yakiwa mengi. Mwenzangu anasema nizungushie try/catch, mwingine anasema niigandishe kwenye kumbukumbu kwa GCHandleType.Pinned. Nifuate lipi?

JIBU: Ndugu yangu, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Delegeti yako inazolewa na mzoa taka wa .NET, anayefuta kwenye kumbukumbu vitu visivyotumika tena, huku DLL ikiwa bado inaitegemea. Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara limeshapitia kwa watu wawili watatu waliotoa dawa bila kuuliza ugonjwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ile imani kwamba DLL ikiwa inaitumia delegeti, basi .NET inajua. Haijui. Mzoa taka hufuata marejeo ya upande wa .NET peke yake. Na DLL haikupewa delegeti yenyewe; imepewa anwani ya kipande kidogo cha msimbo wa mashine ambacho .NET imekitengeneza ili C ipate pa kuingilia. Delegeti ikizolewa, kipande hicho nacho hakitegemeki tena. DLL inabaki kama mtu mwenye namba ya simu ambayo laini yake imeshafungwa: akipiga huenda asipate kitu, au apokewe na mtu mwingine kabisa.

Utaniambia delegeti iko kwenye kigeu ndani ya Main, na Main haijaisha. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwenye Debug kigeu cha ndani huhesabiwa kuwa hai mpaka mwisho wa fanksheni, kwa hiyo muda wote Application.Run inapoendelea, delegeti ipo. Kwenye Release, JIT (sehemu ya .NET inayogeuza msimbo wako kuwa wa mashine) inaweza kuona kwamba baada ya mstari wa kusajili hukigusi tena kigeu hicho, na kuanzia hapo delegeti ni taka kama taka nyingine. Malori yakifuatana, kila uzito unazalisha maandishi na vitu vidogo vidogo, na mzoa taka anapita mapema zaidi.

Ishike kwenye uga wa static, ambao marejeo yake hubaki muda wote programu ikiendelea (UzitoUmefika ni fanksheni yako inayopokea uzito):

[UnmanagedFunctionPointer(CallingConvention.Cdecl)]
delegate void UzitoMpya(int kilo);

static UzitoMpya _shikilia;

_shikilia = UzitoUmefika;
MizaniSajili(_shikilia);

Hakikisha kwenye faili la .h, linaloeleza fanksheni za DLL, kama DLL ni Cdecl kweli; Cdecl na Stdcall ni mitindo miwili ya kuita fanksheni. Usipoandika kitu, .NET kwenye Windows ya biti 32 itachukulia Stdcall, na staki (kumbukumbu ya miito ya fanksheni) itaharibika. Siku ya kufunga, iambie kwanza DLL iache kuita, ndipo uiachie delegeti. Kama DLL haina fanksheni ya kujiondoa, ishike mpaka programu izimwe.

Kugandisha hakuhitajiki, maana kipande kile cha msimbo hakihamishwi hata delegeti ikihamishwa. Try/catch ya nje nayo haiokoi: .NET ya sasa huizima programu papo hapo, na tangu .NET Framework 4 ya mwaka 2010 AccessViolationException haifiki kwenye catch ya kawaida. Mahali pake ni ndani ya UzitoUmefika, ili hitilafu yako isivuke kuingia kwenye C. Wengine huweka GC.KeepAlive mstari mmoja baada ya kusajili. Hiyo huilinda delegeti mpaka mstari huo tu, kwa hiyo ni kazi bure.

Ukitaka uthibitisho, jenga Release, sajili, ita GC.Collect inayomwita mzoa taka kwa lazima, kisha weka mzigo kwenye mizani. Msimbo wako wa zamani kwa kawaida utaanguka mbele ya macho yako. Asiyekufanyia jaribio hili hajatengeneza kitu, hata akikuambia "sasa inakubali".

Tena kufa kwa programu ni afadhali, kwa sababu unaona. Hatari kubwa iko kwenye bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu unayoipa DLL iandike data. Ukiipa DLL byte[] kama hoja, .NET huigandisha wakati wa mwito huo tu. DLL ikiiweka anwani na kuja kuandika baadaye, inaandika mahali ambapo pengine pana data nyingine, na hakuna kinachopiga kelele. Unapata kilo za uongo kwenye risiti. Hapo ndipo Pinned ina kazi. Au tenga kumbukumbu kwa Marshal.AllocHGlobal, na usiiachilie kwa FreeHGlobal kabla mizani haijafungwa. Kagua DLL yako yote kwa jicho hilo kabla hujarudisha programu kwa mteja.