Mtoto kazaliwa Marekani, je na mimi mama yake napata grini kadi?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi niko Moshi, Majengo. Novemba 2007 nilienda Minnesota kwa dada angu na viza ya kutembea, nikagongewa miezi sita, nikakutana na baba wa mwanangu, nikajifungua Oktoba 2008 na muda ulishapita kitambo, nikaja kurudi Agosti 2009 mtoto mgongoni. Saa hizi yuko fomu faivu, ana 17. Baba yake yupo Ohio, hatukufunga ndoa, yeye aliingilia mpaka wa Mexico na hana makaratasi mpaka leo. Watu wananiambia mtoto akiwa raia wazazi mnapewa tu. Kweli? Na wadogo zake wawili niliowazaa huku je? Halafu kwenye cheti chake cha kuzaliwa jina langu limeandikwa Manka, paspoti yangu ni Margareth.

JIBU: Marahaba mama. Hapo kwenye "mnapewa tu" ndo watu wengi wanaangukia. Mtoto kuwa raia hakukupi kitu chochote leo wala kesho, anachokupa ni haki ya yeye kukuombea akifikisha miaka 21, kwa hiyo wa kwako ni Oktoba 2029. Akifika hapo anajaza fomu I-130, ile ya raia kumuombea ndugu yake, na mzazi wa raia mwenye 21 hayuko kwenye foleni ile ya miaka na miaka kama ndugu wa kuombeana, viza za wazazi hazina kikomo cha idadi.

Ila wanaangalia pia wewe uliingiaje na ulitokaje. Uliingia halali, muda wako uliisha Mei 2008, ukatoka Agosti 2009, hiyo ni miezi kama 15 ya kukaa kinyume cha sheria. Ukizidisha mwaka mzima halafu ukatoka unafungiwa kuingia tena Marekani miaka 10, inahesabiwa kuanzia siku uliyopanda ndege. Yako iliisha Agosti 2019. Yaani umeshamaliza kifungo chako ukiwa hapo hapo Majengo bila kujua.

Sasa nakuomba kitu kimoja na nakisema kwa nguvu kabisa: usifiche. Kuna mzee alikuja hapa ofisini Arusha, kapanda ngazi anahema na faili lake la plastiki, alijaziwa fomu ya viza ya kutembea stationari, kwenye lile swali la kama uliwahi kupitiliza muda kijana kamuwekea "No" ili mambo yaende. Yakagundulika, kwa sababu alama za vidole zipo. Ukidanganya ili upate viza unafungiwa maisha, na msamaha wake unahitaji uwe na mume au mzazi ambaye ni raia au ana grini kadi huko, mtoto hahesabiki hapo. Yaani mtu ana watoto watatu raia na hawamsaidii lolote. Kwa hiyo ukiulizwa sema nilizidisha, nilirudi mwenyewe, tarehe hizi hapa.

Baba yake ni kesi nyingine na sitakupa moyo wa bure. Aliyeingia bila kupita kwa afisa hawezi kupewa grini kadi akiwa ndani ya Marekani hata kijana akifika 21, labda kama kuna ndugu au mwajiri aliwahi kumuombea kabla ya mwisho wa Aprili 2001. Akitoka aje kufanyia intavyuu Dar anajifungia ile miaka 10, na msamaha wake nao unamtaka mke au mzazi. Kinachobaki ni mahakama ya uhamiaji kufuta amri ya kumrudisha: awe amekaa miaka 10 mfululizo, awe na tabia njema, na athibitishe kuwa mtoto ataumia kupita kawaida kabisa. Nafuu hiyo wanapewa watu 4,000 tu kwa mwaka nchi nzima. Na cha ajabu, hapo mtoto lazima awe chini ya 21, kwa hiyo siku kijana anapoanza kukufaa wewe ndo anaacha kumfaa baba yake. Akitokea mtu wa kumwambia afungue kesi feki ya ukimbizi ili tu afike mahakamani, amkimbie. Wakati huo atunze risiti zote za ada na hela anazotuma, maana hamkuoana na siku moja ataulizwa ushahidi kwamba alikuwa baba kabla mtoto hajafika 21.

Wadogo zake hawaingii kwenye ombi lako. Ukishapata grini kadi wewe ndo unawaombea, wakiwa hawajaoa wala kuolewa.

Kuhusu kijana mwenyewe. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika mbili, akifika 18 ataambiwa achague. Akiukana wa Marekani ombi lako limekufa hapo hapo, akiubakisha basi hapo Moshi anakuwa mgeni wa kuhitaji kibali, kaeni mliongee mapema kama familia. Paspoti yake ya utotoni najua ilishaisha (za watoto ni miaka mitano), uraia haujaisha, akaombe nyingine ubalozini. Na anayekuombea lazima awe na makazi Marekani au aonyeshe anahamia kweli, na kipato cha asilimia 125 ya kile kiwango chao cha umaskini. Kijana wa 21 hana hiyo, ila dada yako wa Minnesota kama ni raia au ana grini kadi anaweza kusaini naye kama mdhamini. Mwambie mapema kwamba ni deni la kisheria, sio saini ya harusi.

Manka na Margareth hilo dogo ila linachelewesha watu miezi. Nenda kwa wakili yeyote hapo mjini akuandikie kiapo cha majina, ambatanisha cheti cha ubatizo kama kina majina yote mawili, fanya wiki hii wakati mashahidi wako bado wapo hai.