Kituo Chako Kikiuzwa, Ingia Zamu na Flashi Mfukoni

Juzi usiku kijana mmoja mtangazaji kaniandikia: "Kaka, redio yetu ya FM imeuzwa. Wanasema hakuna kitakachobadilika. Nibaki au niondoke?"

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, kwenye kikao kilichofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa picha ya pamoja.

Miaka kumi na mmoja nilishika kipindi cha jioni cha nyimbo za zamani. Sijisifu (haya, najisifu kidogo): simu zilikuwa zinaanza kulia kabla sijafungua maiki. Sauti zao nilizijua. Kulikuwa na mlinzi wa zamu ya usiku, na mama mmoja aliyeomba wimbo uleule kila Alhamisi kwa ajili ya marehemu mumewe.

Wamiliki wapya walipoingia, wiki tatu za kwanza kweli hakikubadilika kitu. Ya nne akaja mshauri na kompyuta yake mpakato, akasema wasikilizaji wangu wamezeeka. Nyimbo zikaanza kupangwa na programu. Mimi nikabaki kutaja saa na jina la kituo.

Siku ya mwisho hakuna aliyeniita. Nilikuwa kwenye foleni ya magari, jicho likaangukia kioo cha redio, nikaona jina letu limetoweka na limekaa jingine. RDS, mfumo unaoandika jina la kituo kwenye kioo hicho, hutoa nafasi ya herufi nane tu kwa jina hilo. Herufi nane zilitosha kufuta miaka yangu yote. Masafa yalikuwa yaleyale, mnara uleule.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wengi wetu hatutaki kuliona: anayenunua redio hanunui kipindi chako. Anachokitaka ni haki ya kurusha kwenye masafa yale. FM katika nchi nyingi imebanwa kati ya megahezi 87.5 na 108, na mji ukishajaa, njia ya kuingia ni kumnunua aliyemo. Wewe umo kwenye orodha pamoja na viti.

Wala huu si mkosi wetu peke yetu. Marekani, sheria ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima, na miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel ilikuwa na zaidi ya 1,000. Mwenye vituo vyote hivyo mtangazaji wa kila mji wa nini? Mmoja anarekodi sauti yake, inapigwa miji mingi kana kwamba yupo hapohapo. Uingereza nako, mwaka 2018, Ofcom, msimamizi wa utangazaji huko, ilipunguza saa za mchana ambazo kituo cha FM kililazimika kutayarisha vipindi vya eneo lake, kutoka saba hadi tatu.

Sasa ushauri. Nakili vipindi vyako, tena leo. Mimi niliamini vyangu viko salama kwenye kompyuta ya studio. Niliporudi kuvichukua, kadi yangu ilikataa mlangoni, na mlinzi niliyekuwa namwita kwa jina kila jioni akaangalia viatu vyake. Nimebaki na vipindi vinne tu. Katika kimoja nakohoa katikati ya tangazo la biashara, na ndicho ninachokisikiliza zaidi.

Pili, soma mkataba uone jina la kipindi ni mali ya nani. Tatu, nakili vipindi vyako. Najua nimeshasema.

Na nyinyi vijana, mkipigiwa honi barabarani mnadhani masafa ni yenu. Acheni! Msikilizaji asipokuwa na njia ya kukupata nje ya studio, atabaki na kituo, nawe utabaki na hadithi. Daftari langu la namba za wasikilizaji lilibaki kwenye droo. Yule mama wa Alhamisi sijui aliambiwa nilikwenda wapi, kama kuna aliyejisumbua kumwambia.

Swali lako sijalisahau, mdogo wangu. Baki. Usiwaachie mshahara hata wa siku moja. Ila kesho nenda mapema kabla ya zamu, na hiyo flashi iwe kubwa.