Mdaiwa wa Roma ya kale

SWALI: Je, ni kweli kwamba Roma ya kale mtu aliyeshindwa kulipa deni alitiwa pingu?

JIBU: Ni kweli, ila si siku hiyo hiyo. Sheria za Mbao 12, zilizoandikwa mwaka 451 na 450 KK, zilimpa mdaiwa siku 30 baada ya kukiri deni au kuhukumiwa. Zikipita, mdai alimkamata na kumpeleka kwa hakimu. Asipolipa, wala asitokee mtu wa kumtetea, alichukuliwa na kufungwa. Sheria ilitaja hata uzito wa pingu: ratili 15. Asiyeweza kujilisha alistahili ratili moja ya nafaka kila siku, yaani kama gramu 327 tu!

Kifungo kilidumu siku 60, na pande mbili zingeweza kupatana. Katika siku tatu za soko zilizofuatana aliletwa hadharani, kiasi cha deni kikatangazwa, huenda ndugu au rafiki akamkomboa. Hapo ndipo busara ya sheria hii kali ilipo. Akikosa mkombozi, angeweza kuuawa au kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber, yaani nje ya Roma, kwani raia hakupaswa kuwa mtumwa ndani ya mji wake.