Sitalipanda chumbani kwangu

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Kama yangekuwepo maua ambayo watu wakilala karibu nayo wanaota ndoto za wenzao, ungeyapanda nyumbani kwako?" Nililisoma jioni, nikalala nalo, nikaamka nalo. Jibu langu ni hapana. Lakini hapana hiyo imenichukua usiku kucha, maana nyumbani kwangu yupo mtu ambaye ndoto zake nimetamani sana kuziona.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, shule ya sekondari, hapa Lubumbashi, Katanga ya Kongo. Niruhusuni nianze na ua, ndoto zitafuata.

Sisi wa Katanga maua yanayotoa siri tunayo tayari. Lipo moja tunaloliita ua la shaba. Jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense. Ni la ukoo mmoja na nanaa na mrihani: ukilishika shina unasikia pembe nne kati ya vidole, na juu limebeba maua madogo ya zambarau. Huota mahali ambapo udongo umejaa shaba hata miti inashindwa kushika mizizi. Unasafiri katikati ya miombo, miti kulia miti kushoto, ghafla unakutana na kilima chenye upara, nyasi fupi tu na maua. Watafuta madini walijifunza kuyasoma. Kobalti nayo ina ua lake, Crotalaria cobalticola, la njano.

Kuna jambo moja la ua la shaba ambalo nikiwaambia wanafunzi darasa linanyamaza. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelitumia kutafuta tanuri za mababu. Pale watu wa zamani walipoyeyusha shaba, mabaki yaliingia ardhini, na ua likaja kuota juu yake. Tanuri imefukiwa, waliopuliza mivukuto hakuna anayejua majina yao, lakini ua bado liko palepale linasema: hapa paliwaka moto. Ninalipenda ua hili kuliko waridi lolote.

Sasa tazameni kilichofuata. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, reli ikafika huku mwaka 1910, mwaka 1911 tanuri ya kampuni ikaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi. Tangu hapo kilima kikishajulikana kina nini, hakiachwi. Na cha kwanza kuondoka ni maua yenyewe, kwa sababu yanaishi kwenye ngozi ya juu, ile inayokwanguliwa kabla ya kazi kuanza. Baadhi ya mimea ya vilima hivi haioti pengine popote duniani. Ikiondolewa hapa, ndiyo basi.

Mnakumbuka Kasulo, ule mtaa wa mji wa migodi wa Kolwezi? Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kobalti iko chini ya nyumba za watu, na watu wakaanza kuchimba uani, kisha ndani. Walitoboa sakafu za vyumba vyao. Siwalaumu hata kidogo, njaa ya nyumba anaijua mwenye nyumba. Ila fikirieni familia inayolala usiku pembeni ya shimo lililochimbwa na baba wa familia.

Ndiyo maana swali lenu limenikaa moyoni. Ua mnalolisema lingemfanyia mtu kile ambacho ua la shaba linakifanyia kilima: lingeonyesha kilicho chini, na kilima hakikuulizwa.

Msidhani pia kwamba harufu na usingizi ni mambo ya hadithi tu. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba waliwavutisha watu harufu wakiwa usingizini: waliopata harufu ya waridi waliamka na ndoto zenye hisia njema zaidi, waliopata ya mayai yaliyooza, kinyume chake. Waridi lenyewe halikutokea ndotoni. Ni hisia tu iliyobadilika. Ndoto za mtu mwingine, hakuna ua linalozileta. Na hapa naomba mnisikilize kama mwalimu: yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, yanayonukia sana jioni, ambayo wengi wameyapanda kwenye ua wa nyumba, yana sumu. Yana skopolamini na atropini. Mtu akiyatafuna au kunywa maji yake anaona vitu ambavyo havipo, anapoteza akili, na anaweza kufa. Mtoto asije akayajaribu kwa sababu amesikia habari ya maua ya ndoto.

Nirudi nyumbani. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi Kolwezi, na yeye na bibi walikuwa Wanajamaa. Kwa wasioijua, Jamaa ni kundi la Wakatoliki lililoanzia huko Kolwezi miaka ya 1950 na Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Mume na mke waliingia pamoja, na ndoto kwao lilikuwa jambo zito, la kuelezwa na kusikilizwa. Mimi sikuyajua mafundisho yao yote. Nilichokijua ni asubuhi zao. Bibi aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, kabla hajagusa ufagio. Babu alitoka na blanketi mabegani, akavuta kigoda. Alisema, "Mama, niliota." Bibi akajibu neno moja: "Leta." Babu akaileta, polepole, na bibi aliendelea kupuliza makaa bila kumwangalia usoni, ili aseme vizuri.

Zilikuwepo asubuhi nyingine. Babu alikaa, akanyoosha mikono juu ya moto, akasema, "Leo inakaa." Bibi alisema, "Ikae." Chai ikanywewa. Sikumsikia hata siku moja akiuliza baadaye ile iliyokaa ilikuwa nini. Nilikuwa mtoto na mimi ndiye niliyekuwa nakufa kwa hamu ya kujua.

Hamu ile imerudi nikiwa mtu mzima. Baba watoto alichimba kwa mkono miaka sita. Siku moja shimo lilianguka, wenzake wawili walibaki chini, yeye akatolewa. Aliacha kazi hiyo, sasa anaendesha pikipiki ya abiria. Mchana ni mtu wa watu, anacheka, anabeba watoto wa jirani. Usiku, mara mbili tatu kwa wiki, anaamka akiwa bado amelala. Anapiga magoti kitandani, anaupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili kutoka juu mpaka chini, kama anayetafuta mlango. Ukuta wetu upande ule rangi imetoka, kuna mistari ya kucha. Mimi najua kwamba asishtuliwe, kwa hiyo nakaa. Nasema jina lake kwa sauti ndogo. Baadaye analala tena, asubuhi hasemi kitu, na mikono yake inanuka chokaa.

Ndoto hiyo naijua kwa nje tu. Miaka mitatu nimekaa upande wa nje. Kwa hiyo nilipolisoma swali lenu, la kwanza lililonijia lilikuwa: nipeni ua hilo leo. Nisingetaka kuchungulia. Nilitaka tu kule chini tuwe wawili.

Nimekataa kwa sababu mbili, na ya kwanza ni binti yetu. Ana miaka tisa, analala chumba cha pili, na kati yetu kuna pazia. Harufu haijui pazia. Ua haliulizi ndoto hii iende kwa nani; lingeipeleka kwa kila aliyelala. Baba yake amefanya kazi kubwa sana ili shimo lile lisifike kwa mtoto. Anafunga mdomo, anavumilia, anatabasamu asubuhi na kumsuka nywele vibaya kwa furaha yote. Mimi nipande ua, mtoto aamke akipapasa ukuta?

Ya pili niliipata mwaka jana, mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu. Tulikuwa jikoni, yeye kavaa koti ndani ya nyumba, mimi nageuza bukari, ugali wetu, ya jana iliyobaki ili nimpashie. Hakuna kilichotangulia. Akasema, "Kule chini si giza kama unavyofikiri." Niliendelea kushika mwiko. Akasema yupo mwenzake, taa bado inawaka kwenye paji la uso, wala halii, wala hapigi kelele. Anaomba maji tu. Anaomba kwa adabu, kama mtu aliye mgeni kwako. Na yeye anaupapasa ukuta kwa sababu maji yako upande wa pili.

Halafu akauliza kama bukari iko tayari.

Miaka mitatu nilidhani mume wangu anatafuta njia ya kutoka, kumbe anatafuta maji ya kumpa mtu. Ningeingia ndotoni mwake kwa nguvu ya ua, ningeona taa, ningeona ukuta, labda ningeelewa yote kwa usiku mmoja. Lakini yeye asingekuwa amenipa kitu. Asubuhi ile alichagua: neno hili litoke, hili libaki. Alipima mpaka wapi ataweza kufika na bado akasimama akaenda kazini. Mtu anayejua kwamba akifumba macho anatazamwa, sijui atalala wapi. Nadhani angeacha kulala. Najua angelala kwenye pikipiki yake, nje, mbali na sisi.

Sikumwuliza zaidi. Ilinibidi niugeukie ukuta wa jiko kidogo, nijifanye natafuta chumvi. Nimejifunza kwa bibi: imekuja, imepokelewa, nyingine inakaa, ikae.

Kwa hiyo, mhariri, maua yenu sitayapanda. Ila tangu mwezi ule wa saba, kila usiku kabla sijazima taa, najaza chupa ya maji na kuiweka sakafuni upande wake wa kitanda, karibu na ukuta. Hajaniuliza ni ya nini. Siku nyingine asubuhi naikuta imepungua.