Jibu: Nyufa za ukuta na mhimili wa dunia
Jambo ndugu. Umeuliza kama nyumba yako ya hapa Goma inapasuka kwa sababu tetemeko la Japani lilihamisha mhimili wa dunia. Hapana. Lile la 2011, ukubwa wa 9, kwa hesabu za NASA lilifupisha siku kwa mikrosekunde 1.8 hivi, hata kope haijaanza kupepesa. Mitetemeko yetu ni ya Bonde la Ufa na volkano ya Nyiragongo, kumbuka ilivyolipuka Mei 2021.

Anza kukagua nyufa kwenye pembe za madirisha. Mimi nilipaka plasta kidogo juu ya ufa, nikaandika tarehe kwa penseli. Siku ya tisa plasta ikakatika katikati, yaani ufa ulikuwa bado unapanuka, tukahamia kwa shemeji. Usikimbilie kuziba kwa simenti, hutajua kama bado unapanuka.