Wanawake hawana ushindani? Nimewachezesha wote, acha nikujibu

Kaka mleta mada, hoja yako nimeielewa. Umeangalia mechi kadhaa za ligi ya wanawake kwenye TV, ukaona hawamzongi refa, hawagaragari chini, wakigongana wanainuana, ukahitimisha kwamba ule ni mpira wa bonanza na ushindani wa kweli uko kwa wanaume. Halafu mwishoni kabisa ukatupia swali la binti yako wa miaka 14 anayetaka kujiunga na timu. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililokuleta, lakini nianze na la kwanza.

Mimi ni refa wa kike. Nimepuliza filimbi na kushika kibendera ngazi ya wilaya na mkoa huku Kanda ya Ziwa, wanaume na wanawake, miaka mingi tu. Ligi kuu sijafika, kwa hiyo msinitafute kwenye zile penalti zenu za utata.

Unachanganya vitu viwili: roho ya kushindana na vituko vya kushindana. Roho ipo kote. Vituko ndivyo vinavyotofautiana, na vina sababu zake.

Njoo usimame nami kwenye kona. Kwa wanaume, kabla mpira haujapigwa boksi zima linaongea, na linaongea na mimi. "Mama, mwangalie huyu!" "Refa, nashikwa!" Wanaigiza kwa ajili yangu na kwa ajili ya jukwaa. Kwa wanawake boksi liko kimya, ila angalia mikono na miguu. Mmoja kamkanyaga mwenzake vidole ili asiruke. Mwingine kashika pindo la jezi na kulizungushia kidoleni, huku uso umetazama pembeni kama hayupo. Nilikuwa na beki mmoja wa kati, mpole kweli ukimkuta nje ya uwanja, ambaye alisubiri mpira uwe hewani, macho yangu yaufuate, ndipo avute rasta za straika. Yule straika hakuniletea malalamiko hata neno. Mechi ya marudiano alikuja kanyoa kipara.

Hayo si ya kwetu peke yetu. Novemba 2009 kuna video ilizunguka dunia nzima ya beki wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, akimvuta mpinzani mkia wa nywele hadi chini. Alisimamishwa, sawa, ile ni kadi nyekundu popote. Lakini ilijadiliwa kwenye televisheni kwa siku kibao, kana kwamba hakuna mwanaume aliyewahi kufanya uhuni wa namna ile. Kilichowashtua watu ni kwamba aliyeufanya ni msichana.

Sasa kwa nini hawanizongi? Mchezaji wa kiume wa daraja la mkoa akipoteza Jumapili, Jumatano ana ndondo, na Jumamosi ana mechi nyingine ya mtaa aliyoitwa kwa nauli na posho kidogo. Akila kadi nyekundu, maisha yanaendelea. Msichana hana hiyo ndondo. Mechi zake kwa mwaka ni chache, nyingine zinaahirishwa kwa sababu wapinzani wamekosa nauli, na ile aliyoipata huenda ndiyo siku pekee mtu wa timu kubwa amekaa jukwaani. Hawezi kuichezea kwa kunitukana mimi. Kwa hiyo anakimbia mpaka anatapika, anagongwa, anainuka haraka, anaendelea. Wewe ukiwa sebuleni unaona ustaarabu. Mimi nikiwa karibu naona mtu asiyetaka kupoteza hata sekunde.

Weka kitu cha maana mezani, uone. Simba Queens wakikutana na Yanga Princess, jukwaa limejaa na kamera zipo, mambo yanabadilika. Anayeongoza anafunga kamba za viatu dakika ya 85. Kipa anashikwa na maumivu ya mgongo yasiyokuwepo kipindi cha kwanza. Nahodha anakuja kwa refa na msafara. Watafiti wa Wake Forest, Marekani, walichapisha mwaka 2011 walichokiona kwenye video za mashindano makubwa ya kimataifa: kwa wanaume, wachezaji walionekana kuumia kama mara 11 kwa mechi; kwa wanawake hazikufika 6. Mashabiki wa mpira wa wanawake hupenda kuishia hapo. Lakini watafiti haohao waliona kwamba hata kwa wanawake, walioanguka wakiwa na jeraha la kuonekana walikuwa wachache. Kwa hiyo nao wanajiangusha, ila kidogo. Subirini mishahara ipande, tutakuja kuongea hapahapa.

Na kwa uzoefu wangu, fujo nyingi za mechi za wanawake hazitoki kwa wachezaji, zinatoka benchi, ambako mara nyingi wamekaa wanaume. Nimewahi kumtoa kocha aliyeingia uwanjani kunifokea kuhusu ofsaidi, huku wachezaji wake wenyewe wakimvuta shati arudi.

Kuna mchangiaji hapo juu ameleta ile ya timu ya taifa ya wanawake ya Marekani kufungwa 5-2 na vijana wa FC Dallas wa chini ya miaka 15 mwaka 2017. Ni kweli ilitokea, kwenye mechi ya mazoezi. Mbio na nguvu za mvulana aliyeshabalehe ni tofauti, na anayebisha hilo anapoteza muda wenu. Lakini hiyo inapima misuli. Bondia wetu Mwakinyo alipomchakaza Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018 nchi nzima tulishangilia, na sikusikia mtu akisema "mbona Anthony Joshua wa uzito wa juu angemlaza raundi ya kwanza". Tulijua kila uzito una ugomvi wake.

Ukitaka kukosoa, kosoa usawa wa ligi, hapo nitakuunga mkono. Tangu msimu wa 2017/18 hadi 2024/25 ubingwa wa wanawake umezunguka kwa JKT Queens na Simba Queens tu. Mchezaji wa timu yenye kambi, posho na mlo wa uhakika anakutana na mwanafunzi aliyeshuka kwenye basi asubuhi ileile, unategemea nini? Ndiyo maana unaona magoli saba, manane. Ila kabla hujacheka, niambie nani zaidi ya Simba na Yanga aliyetwaa ligi ya wanaume baada ya Azam mwaka 2014. Wale wana udhamini na viwanja vimejaa, na bado.

Halafu wapeleke wasichana haohao mahali ambapo wamejiandaa sawa na wenzao. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, mwaka 2022 kule India walianza Kombe la Dunia la U17 kwa kupigwa 4-0 na Japani. Timu ya bonanza ingeishia pale. Wao wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali ndipo Colombia wakawatoa. Hadi siku ile hakuna timu yetu ya wavulana wala wanaume iliyokuwa imekanyaga Kombe la Dunia la U17, la U20, wala lile kubwa. Simba Queens mwaka huohuo wakamaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika, mara yao ya kwanza kushiriki.

Kuhusu mitazamo ya watu, hapo ndipo kazi ilipo, na niseme wazi kwamba mchezaji wa kike hana namna ya kuwapendeza. Akicheza kwa upole, hana ushindani. Akicheza kwa hasira, ni jikedume. Marekani ilipoifunga Thailand 13-0 mwaka 2019 wachezaji walisemwa wiki nzima kwa kushangilia magoli ya mwisho, eti hawana huruma. Straika wa kiume akifunga la tano tunamwita muuaji na tunamnunulia soda. Hapa kwetu, Agosti 2021, hata Rais Samia, pamoja na kuwasifu wachezaji wa kike kwa kuleta makombe, alisema vifua vyao ni bapa na akagusia suala la kuolewa. Alikosolewa sana, lakini kusema ukweli ni maneno ninayoyasikia kila wikiendi nikiwa pembeni ya uwanja, tena kutoka kwa akina mama. Mimi mwenyewe nimeambiwa nikapike. Huwa natoa kibendera juu, naendelea.

Sasa binti. Kaka, usimkatalie kwa kuogopa "atakuwa mkorofi". Wasichana niliowaona wanaingia wakitokea netiboli na UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, wengi walikuwa wakorofi tayari. Mpira uliwapa pa kuupeleka ukorofi wao. Na siku hizi njia ipo: straika Clara Luvanga ametoka hapahapa Tanzania na anafunga magoli Al Nassr, Saudi Arabia.

Cha kuogopa ni vingine. Nenda mazoezini bila taarifa, kaa pembeni. Angalia wanabadilishia nguo wapi na nani anaingia humo. Uliza wakisafiri wanalala wapi, na kama kuna mwanamke mtu mzima kwenye msafara. Uliza nani anashika fedha na mkataba, maana miaka 14 hasaini mtu kitu bila mzazi. Kocha akikasirika kwa maswali hayo, jibu umeshalipata.

La mwisho ni magoti. Wanawake wanachana ile kano ya ndani ya goti, ACL, mara kadhaa zaidi ya wanaume. Leah Williamson, nahodha wa England, alikosa Kombe la Dunia la 2023 kwa jeraha hilo, na yeye ana madaktari wa Arsenal. Wako atakuwa na wewe na bodaboda. Kuna mpangilio wa kupasha misuli wa FIFA unaoitwa 11+, unachukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na umethibitika kupunguza majeraha timu ikiufanya mara kwa mara. Kocha akiwa haujui, mtumie video. Ziko bure.