Kurumbiza mwenye tumbo la kijivu

Swali: Hujambo, mtaalamu? Nimekulia Kisumu, ambako kurumbiza alituamsha kila alfajiri. Yule alikuwa na nyusi nyeupe, na rangi ya chungwa kifuani na tumboni. Sasa naishi Limuru. Huyu ninayemwona hapa ana nyusi zilezile lakini tumbo lake ni la kijivu. Je, ni kinda, au ni ndege mwingine kabisa?

Jibu: Sijambo. Ni ndege mwingine, na umefanya vyema kutazama tumbo. Wengi huishia kwenye nyusi, ilhali wote wawili wanazo.

Wa Kisumu, kwa jina la kisayansi, ni Cossypha heuglini. Ana kichwa cheusi, na chungwa lake huanzia kooni likafika chini ya mkia bila kukatika. Wa Limuru ni Cossypha caffra, ambaye siku hizi huitwa pia Dessonornis caffer. Ni mdogo kidogo, sentimita 16 au 17 hivi. Kwake chungwa huishia kifuani, kijivu kikashika tumbo. Kinda siye: makinda ya kurumbiza huwa na madoadoa mwilini.

Mahali penyewe pia panakupa jibu. Limuru iko juu ya mita 2,000, na kwa Afrika Mashariki caffra ni ndege wa nyanda za juu: kingo za misitu, vichaka, bustani zenye ua mzito. Afrika Kusini hushuka hadi pwani. Huko wasemaji wa Kiafrikana humwita Janfrederik, jina lililotokana na mlio wake. Heuglini hupenda vichaka vya kando ya mito na bustani za sehemu zenye joto zaidi, ingawa Nairobi pia yupo.

Ukifika msitu wa Karura, jijini Nairobi, tahadhari, kwa maana hapo tumbo halitakusaidia. Yupo kurumbiza wa tatu, Cossypha semirufa, naye ni chungwa tupu upande wa chini kama heuglini. Subiri aruke, utazame manyoya mawili ya katikati ya mkia. Ya semirufa ni meusi; ya heuglini ni ya hudhurungi.

Huyo wako mvizie kunapopambazuka. Hutoka chini ya ua, akarukaruka mara mbili tatu, akasimama wima na kutikisa mkia, kisha akadonoa mdudu. Na ukipogoa ua, tafadhali usiguse matawi ya chini: huko ndiko anakojenga kiota.